Brusketa Niliyowamwagia Kuku

Bweri, Jumamosi mchana

Nyangeta,

Umeondoka hapa sasa hivi na bodaboda kwenda Makoko kumuaga bibi yako, na mimi umeniaga kwa neno moja tu: "Nimeenda." Ni siku ya kumi na tatu unanipa neno moja moja. Shikamoo. Tayari. Sijui. Sikulaumu. Ningekuwa wewe, hata hilo moja nisingelitoa.

Sitakuandikia habari za begi wala za safari. Shangazi yako ameshakuambia ukae upande gani wa basi jua lisikuchome, na baba yako ameshakuonyesha pa kuficha simu. Wao wamemaliza. Mimi nina hasira, na kabla hujapanda hilo basi la Arusha nataka ujue ni hasira ya nani. Ile Jumapili uliibeba wewe, na haikuwa yako.

Naanza na Jumapili yenyewe, maana uliyoiona wewe ni nusu.

Ijumaa uliniambia kwamba wageni wakija kukuaga baada ya ibada, hutaki wale samaki na ugali kama siku zote. Ulitaka uwapikie kitu chako. Nikakuuliza kinaitwaje. Ukasema, "Brusketa, mama. Ni ya Waitaliano. Hutaijua." Nikasema sawa, nikarudi kwenye sufuria yangu.

Jumapili ukarudi kanisani mbio ukaanza kazi. Mkate usiokatwa ulikuwa umeununua jana yake karibu na stendi. Mafuta ya zeituni, kale kachupa, rafiki yako alikuletea kutoka Mwanza. Rihani uliitafuta sokoni ukaikosa, ukaenda kuchuma kivumbasi kwenye uzio. Ukakata slesi, ukaziweka juu ya mkaa. Ukakata nyanya, zile laini zilizoiva kupita kiasi, ukazitia chumvi na mafuta, ukazipanga palepale juu ya mkate. Ilikuwa saa sita haijafika, na hakuna mgeni aliyekuwa ameingia.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda naparua sato, na nilijua. Nilijua mkate ule haujakauka, umebabuka tu juu. Nilijua nyanya ikishatiwa chumvi inatoa maji, na mkate utayanywa. Nilijua baba yako mkubwa Mafuru hajawahi kufika mahali kwa saa aliyoisema. Nilijua yote hayo, Nyangeta, na nikaendelea kuparua samaki.

Mafuru alifika saa nane. Ulimpelekea sinia yeye kwanza, kwa heshima, umepiga goti. Akachukua slesi, ikakatika katikati, na nyanya zote na mafuta vikamwagikia shati lake jeupe la ibada. Shangazi yako Nyabise akachukua ya kwake, akaigeuza, akauliza hayo majani ni ya nini. "Si kivumbasi hiki? Sisi tunakichomaga kufukuza mbu." Watu wakacheka. Na wewe ukacheka pamoja nao, ukasema huko hotelini ndivyo wanavyokula. Nyabise akasema kumbe hotelini wanakula nyanya mbichi kama mbuzi. Halafu wote wakanitazama mimi, wenye nyumba wananitazama na wageni wananitazama, wanangoja niseme kitu.

Nilichosema unakikumbuka, lakini nakiandika ili nisije siku moja nikajifanya nilisema kingine. Nilisema, "Toa uchafu huu hapa, nenda kasonge ugali. Umetuaibisha." Nikakunyang'anya sinia, nikaenda nalo nyuma ya nyumba, nikawamwagia kuku. Ulibaki mlangoni na kitambaa mkononi. Baba yako alikuwa anatazama simu yake.

Wageni walipoondoka baba yako akaniambia, "Umemwonea mtoto." Nikamwambia maneno hayo angeyasema wakati sinia liko mkononi mwangu, siyo wakati kuku wameshashiba. Hatujaongea vizuri mpaka juzi.

Sasa nusu ambayo hukuiona.

Ulipokuwa na miaka kama kumi na mitatu uliniuliza kabla ya kuolewa nilikuwa nafanya kazi gani. Nikakuambia nilikuwaga naosha vyombo hotelini Bunda. Ni kweli, niliosha vyombo. Miezi minne. Miaka mitatu iliyofuata nilikuwa napika. Hoteli ilikuwa barabarani, watalii wanaotoka au wanaokwenda Serengeti wanasimama pale kula. Mpishi mkuu alikuwa anaitwa Elias, mtu wa mwili mdogo, mkali, asiyependa kurudia neno. Ndiye aliyenitoa kwenye karai la vyombo. Alinikuta nachambua nyanya jikoni, nazitenga bila kuambiwa, za mchuzi huku, za kukata mbichi huku, akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia nimezaliwa Buswahili, baba yangu ni mkulima wa nyanya, hicho ndicho nilichojua kabla ya kusoma.

Brusketa ndicho chakula cha kwanza alichonipa kiwe changu. Usidhani nilikiweza mara moja. Siku ya kwanza alinirudishia sinia mara sita. Alikuwa anabonyeza mkate kwa kidole, ukibonyea anausukuma pembeni bila kusema kitu. Mara ya saba ndipo akafungua mdomo: "Nyanya haikai juu ya mkate kumsubiri mtu. Mtu ndiye anaisubiri nyanya."

Nilijifunza kuchagua nyanya ngumu iliyoiva, kuikata mbili, kuitoa mbegu na ule ute kwa kidole gumba, kuikata vipande vidogo, kuitia chumvi na kuiacha kwenye chujio mpaka maji yake yashuke. Nilijifunza kuukausha mkate taratibu, juu ya mkaa uliofifia, mpaka ukiugonga unalia. Kitunguu saumu hukitwangi wala hukikaangi. Unakisugua kibichi juu ya mkate ukiwa bado wa moto, na mkate wenyewe unakikwangua kama mbuzi ya nazi. Majani unayachana kwa mkono dakika ya mwisho. Na hupangi kitu mpaka mtu ameketi, amenawa, ananyoosha mkono.

Baada ya mwaka, wageni walikuwa wanamwambia mwenye hoteli kwamba wameila kwao na haikuwa hivi. Nyanya zilikuwa za baba. Yeye mwenyewe alikuwa anazileta mpaka barabarani kwa baiskeli, tenga limefungwa kwa mpira, na anawaambia watu, "Hizi ni za Veronika, za jikoni kwake." Babu yako huyohuyo Magesa.

Halafu Elias akataka kurudi kwao. Mwenye hoteli, mama mmoja mpole asiye na maneno mengi, akaniita akasema anataka kunipeleka Arusha nikasome upishi mwaka mzima, nikirudi jiko liwe langu. Akaandika barua kwa baba, akanipa niipeleke Buswahili.

Hapa ndipo penye hadithi ambayo nimewaambia watu wote. Nimemwambia baba yako, nimemwambia bibi yako wa Makoko, nimewaambia wanawake wa kwaya. Inakwenda hivi: baba yangu aliisoma barua, akasema mtoto wake wa kike hatalala kwenye mahoteli ya watu, akakataa, ikaisha. Nikarudi Bunda kuchukua nguo zangu. Elias akauliza nani amekataa, nikasema baba. Akasema haya, akaendelea kukata vitunguu. Mwaka haujaisha nikaolewa na baba yako, nikaja Musoma, na brusketa sijawahi kuipika tena mpaka leo.

Miaka ishirini na miwili nimeishi na hasira hiyo kama mtu anavyoishi na jino bovu. Wewe umekua ndani yake. Unakumbuka ukinikuta nakata nyanya, kisu kinavyogonga ubao mpaka baba yako anatoka nje? Ulipokuwa kidato cha tatu ukasema unataka chuo cha upishi, nikakuambia ni kazi ya walioshindwa shule. Ukang'ang'ana, nikakuambia baba yako hataki. Nyangeta, baba yako hakuwahi kukataa. Sikuwahi hata kumuuliza. Ni bibi yako wa Makoko aliyekuja kumuuliza, na akakubali siku hiyohiyo, akashangaa kwa nini hukumwambia mapema. Mimi nilikaa palepale kwenye kochi, nikamwacha ashangae.

Kwa hiyo Jumapili ulipopiga goti na lile sinia, sikuona mtoto wangu. Niliona kitu nilichonyimwa, kinatengenezwa vibaya jikoni kwangu na mtu aliyeniambia "hutaijua", na nilitaka kiharibike. Nimekaa na sentensi hiyo siku kadhaa nikitafuta namna nzuri zaidi ya kuiandika. Haipo. Nilitaka kiharibike, na kilipoharibika nilikasirika kana kwamba si mimi niliyekiacha.

Jumatano nilikwenda Buswahili. Nilikuaga nakwenda kuona wagonjwa, na huo pia ni uongo. Nilikwenda kugombana na babu yako. Nilisema moyoni kwamba nimemfanyia mwanangu ubaya kwa sababu yake, sasa anisikie kabla hajafa.

Nilimkuta uani anachambua nyanya, anatenga zilizotobolewa na wadudu. Shikamoo niliitoa nimesimama, na kigoda alichonionyesha sikukikalia. Nikasema yote. Nikamwambia alinivunja. Nikamwambia ningekuwa na jiko langu, na jina langu. Nikamwambia na habari ya Jumapili, na kwamba dhambi ile ni yake nusu. Alinisikiliza ameshika nyanya moja mkononi, hakunikatiza hata mara moja. Nilipokwisha kusema akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza.

Akasema, "Nilikuuliza."

Nikamwambia sikumbuki kuulizwa kitu. Akasema anakumbuka yeye. Akasema aliisoma ile barua mara mbili, akaeleza kwa nini haipendi, akaeleza kirefu, kisha akaikunja akaniambia, mimi nimesema yangu, wewe mwenyewe unasemaje? Mama yangu, apumzike, alikuwa amekaa mlangoni, alisikia. "Na wewe ukasema, nakusikiliza wewe, baba. Ukainuka ukaenda kuosha vikombe."

Nilikuwa nimefungua mdomo kukataa. Halafu nikaviona vile vikombe, vya bati, vya bluu. Nilikumbuka maji yalivyokuwa ya baridi. Nyangeta, nilikumbuka. Sidhani niliwahi kusahau. Kumbukumbu ile niliiweka tu mahali ambapo sikuwa napita.

Babu yako hakuishia hapo. Alisema usiku ule alimwambia mama yangu kwamba nikilia, au nikimnunia hata siku moja, ananiachia niende, maana atajua nimeitaka kweli. "Ukaamka asubuhi ukaenda kuchota maji unaimba."

Nilikuwa naimba. Nilitaka wanione mtoto mwema.

Hapo ndipo yeye akakasirika. Sijawahi kumwona hivyo. Akasema kwa miaka yote hii watu wanamtazama kanisani kama mtu aliyemfungia binti yake. Akasema mama yangu amekufa akidhani mume wake alinitisha kwa siri baada ya hapo. Akasema kila alipoleta nyanya Bweri baba yako alizipokea bila kumtazama usoni, na hakuelewa kwa nini. "Umenibebesha mzigo wako, Veronika, na hukuniambia una nini ndani." Kisha akainama akaendelea kuchambua nyanya zake. Jua lilipoanza kushuka nikaaga. Hakuinuka kunisindikiza, na yeye humsindikiza hata mtu wa kuuza chumvi.

Ningependa kukuandikia kwamba tulipatana. Hatujapatana.

Njiani nilijiuliza, kama si baba, basi nini? Na jibu ni la aibu kuliko kukataliwa. Niliogopa. Bunda nilikuwa hodari kwa sababu Elias alikuwa nyuma yangu na nyanya zilikuwa za nyumbani. Arusha ningekuwa msichana wa Buswahili asiyejua kutumia jiko la gesi, na watu wangeniona nikikosea. Baba aliponiuliza, mlango ulikuwa wazi, na niliogopa kupita. Nikamwacha aufunge yeye. Kisha nikakaa nje ya mlango huo miaka ishirini na miwili namtukana mfungaji. Hasira ilinisaidia sana. Ilinifanya nionekane mtu aliyenyimwa. Mtu aliyenyimwa anaonewa huruma. Aliyeogopa anapewa nini?

Hasira niliyo nayo sasa ni nyingine. Ni mpya, na ni yangu peke yangu. Nakasirika nikikumbuka wimbo ule wa asubuhi. Nakasirika na kile kigoda na ule mkono ulioendelea kuparua sato. Sitaki uniombee ipungue.

Alhamisi nilikwenda kwa shangazi yako Nyabise nikamweleza kila kitu, hata habari ya mkate uliolowa. Nilitegemea anicheke. Akasema, "Kwani ungemwambia mtoto asubiri, si sote tungekula vizuri?" Yeye si mtu mbaya, Nyangeta. Alisema alichokiona. Mimi ndiye niliyekuwa najua zaidi ya nilichokisema.

Baba yako nilimwambia jioni yake. Alipangusa na kupangusa mikono yake ya fundi wa injini, ingawa ilikuwa imeshatakata grisi. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo nimemchukia mkwe wangu bure." Leo asubuhi amempigia simu. Waliongea habari za mvua tu, lakini waliongea.

Nakuandikia haya na siyo kukuambia kwa mdomo, kwa sababu nikikuambia utaniona usoni utanihurumia, na sitaki huruma ichukue nafasi ya hasira yako. Hasira yako ni ya haki.

Kuna jambo moja nimebakiza, na nilikuwa nataka kuliacha. Nilipofika nyuma ya nyumba na sinia lako, kabla sijawamwagia kuku, nilikula kipande kimoja. Nilikula haraka, nimegeukia ukuta, kama mwizi. Mkate ulikuwa umelowa. Nyanya zilikuwa na maji. Lakini kivumbasi kile, Nyangeta. Kina ukali ambao rihani haina, kinapanda puani, kinaiamsha nyanya. Elias hakuwahi kukifikiria. Mimi niliyekua nimezungukwa na kivumbasi sikuwahi kukifikiria. Wewe ulikosa kitu sokoni ukanyoosha mkono kwenye uzio, ukapata kitu bora, bila mtu nyuma yako. Nilisimama pale natafuna, nikajua kwamba unaweza kazi hii kuliko nilivyoiweza mimi. Halafu nikamimina sinia lote chini, kwa sababu nilijua hivyo. Huo ndio ukweli wote. Hakuna kilichobaki chini yake.

Huko Arusha watakurudishia sinia. Watakurudishia mara sita, mara kumi. Utarudi chumbani umenuna. Nuna. Lia ikibidi. Usiimbe.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, uisome leo ukirudi kutoka Makoko, usiisomee kwenye basi tukiwa tumeshaachana. Kesho stendi watakuwepo wote, Mafuru, Nyabise na baba yako. Kabla hujapanda nitakuuliza mbele yao una neno gani na mimi. Nitauliza kwa sauti ileile niliyokuaibisha nayo. Usiseme huna, na usiseme unanisikiliza mimi. Sema lililopo, hata liwe baya, hata konda akipiga kelele kwamba gari linaondoka. Nitasimama palepale mpaka umalize.

Mama yako,
Veronika